Wino wa Akina Mama: Kutoka Siyu hadi Hamburg

Kila tunapokutana hapa Sydney kwenye kicheni pati ya binti wa mmoja wetu, hufika wakati ambapo akina mama wakubwa hushika zamu na kuanza kumfunda bi harusi. Mume ahudumiwe hivi, wakwe waheshimiwe vile, siri ya nyumba isitoke nje. Binti aliyezaliwa Blacktown au Auburn husikiliza kwa adabu, nusu anaelewa, nusu anatafsiriwa na dada yake. Wachache wetu hukumbuka kwamba mawaidha ya namna hii yaliwahi kuandikwa na mwanamke wa pwani yetu zaidi ya miaka 160 iliyopita, na kwamba watu bado wanabishana alikuwa na maana gani hasa.

Mwanamke huyo ni Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa kisiwa cha Pate. Aliolewa na Bwana Mataka, sheikh wa Siyu, mtu aliyepigana miaka mingi na Sayyid Said wa Zanzibar bila kukubali kuinamisha kichwa. Mwaka 1275 wa Hijria, yaani kama 1858, Mwana Kupona alikuwa mjane na mgonjwa. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa beti 102. Mwenyewe alifariki mnamo 1860. Kwa hiyo tusome kazi ile kama wasia wa mama anayejua kuwa hatakuwepo siku ya harusi ya mwanawe.

Yaliyomo yanajulikana kwa wengi. Mwanamke anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Ajipambe, anukie, nyumba iwe safi, asiwe mwenye maneno mengi. Msomaji wa leo anaweza kufunga kitabu hapo hapo na kusema huyu mama aliwatia wenzake kamba shingoni. Alice Werner na William Hichens, waliokichapisha kwa Kiingereza mwaka 1934, walikipa jina la wajibu wa mke, na jina hilo limekuwa likiongoza macho ya watu tangu siku ile.

Lakini wapo wataalamu waliousoma upya utenzi huu wakaona kuna jambo chini ya maji. Mama yule anamwambia bintiye amtunze mume kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Sasa jiulize, nani mkubwa hapo? Mimi sidhani kwamba Mwana Kupona alikuwa mwasi aliyejificha. Nadhani alikuwa mama aliyeijua dunia aliyomwachia binti yake, akamfundisha namna ya kuishi ndani yake bila kupotea. Na alipomaliza hakujificha. Alitaja jina lake na mwaka wake ndani ya beti, akawaita wanawake wengine wausome.

Jambo moja haliwezi kupitwa kimya. Utenzi ule unamwonya binti asizoeane na watumwa ila wakati wa kazi. Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala, na wanawake waliomtekea maji hawakuachiwa wino.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Wakati Mwana Kupona anatunga, binti wa yule yule Sayyid Said aliyepigana na mumewe alikuwa Unguja, naye alikuwa na siri: alijua kuandika. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, mama yake akiwa suria wa Kicherkesi. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani tu, kuandika kulikuwa kazi ya wanaume. Salme alijifunza mwenyewe kwa kificho, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 ndugu zake wawili, Majid na Barghash, walipogombea kiti cha baba yao, upande wa Barghash ulimtumia binti huyo wa miaka kumi na mitano kuwa karani wa njama. Njama ilishindwa. Baadaye alipopatana na Majid, akachukiwa na wale aliowaandikia.

Mwaka 1866, akiwa mja mzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, aliyekuwa jirani yake mjini Unguja. Wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume alipata ajali ya tramu akafariki, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Alikotoka walikuwa wakisema mwanamke wa Kiarabu ni mfungwa. Kumbe sheria ya Hamburg ya wakati ule nayo ilimweka mjane chini ya wasimamizi wa kiume, hata fedha za marehemu mumewe hakuwa huru kuzitumia. Nyumbani Zanzibar nako urithi wake alinyimwa kwa kuwa ameritadi. Alirudi mara mbili kuudai, 1885 na 1888, akaondoka mikono mitupu.

Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886. Alieleza kwamba alianza kuziandika kwa ajili ya wanawe, ili siku moja wajue mama yao ametoka wapi. Hapa sisi tulio ughaibuni hatuhitaji mkalimani. Tunao watoto wanaojua majina ya stesheni zote za treni kutoka Penrith hadi Central lakini hawajui jina la kijiji cha bibi yao. Salme alikuwa ameyaona hayo kabla yetu. Katika kitabu anawabishia Wazungu waliodhani wanawake wa kwao hawana haki wala heshima, na kwa kalamu hiyo hiyo anautetea utumwa wa Waarabu. Ni mwandishi mzuri na wakili mbaya. Barua zake za baadaye, ambazo ndani yake analia upweke wa Ulaya waziwazi kuliko kwenye kumbukumbu, zilichapishwa muda mrefu baada ya kifo chake cha mwaka 1924.

Sauti iliyokosekana kwa hao wawili ilikuja kusikika kwa mtu asiyejua kusoma. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika ukoo uliotoka utumwani, aliingia mjini Unguja mnamo 1911, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Mojawapo ya nyimbo zake inahusu mwanamke mgeni aliyeuawa na mwanamume aliyekwepa sheria, huku adhabu ikiwaangukia wanawake waliomleta kwenye tafrija. Maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert, mwanamume, na tunamshukuru.

Baada ya uhuru kalamu ziliongezeka. Ndyanao Balisidya alitoa riwaya ya Shida mwaka 1975. Penina Muhando alikwisha kuanza na tamthilia ya Hatia mwaka 1972, juu ya msichana aliyebeba mimba na kijiji kinachotafuta wa kulaumiwa. Miaka kumi baadaye akaandika Nguzo Mama, ambamo wanawake wa kijiji wanajaribu kuisimamisha nguzo moja kubwa. Kila mmoja anavutwa na la kwake, mume, biashara, umbeya, na mpaka mwisho nguzo iko chini. Nchini Kenya Ari Katini Mwachofi alifuata na Mama Ee mwaka 1987, juu ya ndoa na haki za mke.

Hapa tulipo pia pana kisa kinachofanana. Miles Franklin, binti wa mashamba ya New South Wales, alichapisha My Brilliant Career mwaka 1901 akitumia jina lililosikika la kiume. Watu wakaisoma kama picha ya jamaa zake, ndugu wakaudhika, naye akakizuia kisichapwe tena maisha yake yote. Alifariki Sydney mwaka 1954, na kitabu kikarudi madukani mwaka 1966. Salme naye alitengana na ndugu zake. Mwana Kupona peke yake ndiye hakudaiwa kitu na jamaa, na kila harusi ya pwani mpaka leo kuna mama anayeyarudia maneno yake bila kujua ni ya nani.