Slaidi ilitoka wapi, na kwa nini inatushinda?

Leo naiweka misimbo kando. Nataka tuzungumze kuhusu chombo ambacho karibu kila mtu aliyeingia chumba cha mkutano amekutana nacho, yaani slaidi. Kazi yangu ni kuunda programu, lakini saa nyingi za kazi hiyo nimezimaliza nikitazama ukuta mweupe huku mtu akitusomea maneno ambayo sote tunayaona. Mkutano ukiisha, ukiuliza jambo kuu lilikuwa lipi, kila mmoja ana jibu lake.

Wengi huitupia lawama PowerPoint. Nimeifuatilia historia yake na naona lawama hiyo ni nusu tu ya ukweli. Hebu tuanze mbali kidogo.

Kabla ya kompyuta

Slaidi ni kongwe kuliko kompyuta za mezani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Kodak ilianza kuuza projekta yake ya Carousel, yenye sahani ya duara ya kupanga picha 80 ndogo za filamu. Maofisini na madarasani kulikuwa na ile projekta ya plastiki angavu: taa chini, kioo juu, na mwalimu akiandika kwa kalamu ya wino. Waliosoma vyuoni hapa Kenya miaka ya 1990 wataikumbuka, pamoja na joto lake.

Je, watu waliwasilisha vizuri zaidi enzi hizo? Si lazima. Jioni ya Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol nchini Marekani waliitumia NASA kurasa 13 kwa faksi. Walitaka chombo cha Challenger kisirushwe asubuhi iliyofuata. Baridi ya usiku ilitarajiwa kushuka chini ya nyuzi sifuri, nao walihofia mipira inayoziba maungio ya roketi ingekuwa migumu na kuvujisha moto. Chombo kilichokuwa kimerushwa katika baridi kali kuliko vyote kabla ya hapo, mnamo Januari 1985, kiliondoka kwenye nyuzi 12 hivi za Selsiasi, na mipira yake ilikuwa imeharibika vibaya.

Hofu yao ilikuwa ya kweli. Lakini katika kurasa zote 13 hapakuwa na mchoro mmoja ulioweka joto la kila safari kando ya uharibifu wa mipira yake. Viongozi waliuliza ushahidi uko wapi, mjadala ukaendelea kwa simu, na hatimaye wakuu wa kampuni wakaigeuza kauli ya wahandisi wao. Asubuhi ya Januari 28 Challenger ilirushwa, ikavunjika baada ya sekunde 73, na watu wote saba waliokuwamo wakafa.

Angalia tarehe vizuri. PowerPoint ilikuwa haijaanza kuuzwa.

Mwaka 1987

Mwaka 1984 Robert Gaskins alijiunga na kampuni ndogo ya California iitwayo Forethought. Wazo lake lilikuwa rahisi: watu wa biashara walikuwa wanatumia fedha na siku nyingi kutengenezewa plastiki za projekta, na kompyuta mpya zenye picha kwenye skrini zingeweza kuwaachia waifanye kazi hiyo wenyewe. Dennis Austin, aliyefariki mwaka 2023, ndiye aliyebuni na kuandika sehemu kubwa ya programu yenyewe, na Thomas Rudkin akaungana nao baadaye. Mwanzoni waliiita Presenter, lakini jina hilo likawa na matatizo ya kisheria, wakalibadilisha kuwa PowerPoint.

Toleo la kwanza lilitoka Aprili 1987, kwa kompyuta za Macintosh peke yake. Lilitoa kurasa nyeusi na nyeupe za kuchapishwa kwenye plastiki. Halikuwa na rangi wala mambo ya kurukaruka kwenye skrini. Kabla mwaka haujaisha Microsoft ilikuwa imeinunua Forethought kwa dola milioni 14. Toleo la Windows lilifuata mwaka 1990, na kufikia toleo la tatu, mwaka 1992, ukaweza kuunganisha kompyuta na projekta moja kwa moja bila plastiki yoyote. Kodak iliacha kutengeneza projekta zake za slaidi mwaka 2004.

Sisi waunda programu tunajua kwamba kile kinachokuja tayari ndani ya programu ndicho watu wengi watakachokitumia. PowerPoint ilikuletea ukurasa wenye kichwa juu na orodha ya nukta chini. Katikati ya miaka ya 1990 ikaongezewa msaidizi: ukichagua aina ya mada, unaletewa wasilisho karibu zima, wewe kazi yako ni kujaza mapengo. Msaidizi huyo aliondolewa katika toleo la 2007, lakini mazoea yalikuwa yameshaota mizizi.

Slaidi ya Columbia

Januari 16, 2003, chombo cha Columbia kilirushwa. Sekunde 82 hivi baadaye, kipande cha povu gumu linalofunika tangi la mafuta kilibanduka na kupiga bawa la kushoto. Wanaanga saba walikuwa safarini, na huku chini swali likawa moja: je, bawa limetoboka?

Wahandisi wa Boeing walipiga hesabu zao wakaziwasilisha NASA kwa slaidi, Januari 24. Slaidi moja kati ya hizo imekuwa maarufu baadaye. Kichwa chake kilisema, kwa maneno ya kitaalamu, kwamba data za majaribio zinaonyesha makadirio yameegemea upande wa usalama. Chini yake kulikuwa na nukta, na nukta ndani ya nukta, herufi zikizidi kuwa ndogo. Neno moja la Kiingereza lenye maana ya "kikubwa" au "cha maana" lilijirudia mara tano kwa maana zisizolingana. Na mwisho kabisa, kwenye mstari wa chini, ndipo palipokuwa na habari yenyewe: kipande kilichopiga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, ilhali vipande vya majaribio vilikuwa na inchi za ujazo 3.

Tuliweke hilo kwa vipimo vyetu. Inchi 3 za ujazo ni kama kikombe kidogo cha kahawa chungu ya Mombasa. Inchi 1,920 ni lita 31 hivi, yaani mtungi wa lita 20 pamoja na nusu ya mwingine. Tofauti ni mara 640. Kusema kweli, data za majaribio hazikuweza kumwambia mtu yeyote lolote la uhakika kuhusu bawa lile.

Februari 1, 2003, Columbia ilivunjika angani ikirudi duniani, na wote saba wakafa. Julai mwaka huo wachunguzi walirusha kipande cha povu kwenye sehemu ya mbele ya bawa, kikatoboa tundu la upana wa sentimita 40 hivi. Ripoti ya tume, iliyotoka Agosti, iliichambua slaidi ile kwa msaada wa Edward Tufte, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale. Tume ilisema ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi angeisoma bila kutambua kwamba inahusu uhai wa watu, na ikaikosoa NASA kwa kuziweka slaidi mahali pa ripoti za kitaalamu.

Si haki kusema slaidi iliua. Wahandisi waliomba mara kadhaa bawa lipigwe picha angani, wakanyimwa, na hilo ni suala la uongozi. Lakini jaribu kuiandika upya slaidi ile. Mimi ningeweka sentensi mbili tu: "Kipande kilichopiga bawa ni kikubwa mara 640 kuliko tulivyowahi kupima. Hatujui kama chombo kiko salama." Asingepatikana mtu chumbani wa kuuliza tuende chai.

Walioasi

Karibu na wakati huo huo, watu mbalimbali walianza kuyakataa mazoea haya, kila mmoja kwa njia yake. Masayoshi Takahashi, mwanaprogramu wa Japani anayefahamika katika jamii ya Ruby, mwaka 2001 aliwasilisha kwa slaidi zenye neno moja au mawili tu, kwa herufi kubwa mno. Mwanasheria Lawrence Lessig, mwaka 2002, alitumia slaidi zaidi ya 200 kwa nusu saa hivi, kila moja ikibeba neno au kifungu kifupi kinachokwenda sambamba na sauti yake. Mwaka 2005 Guy Kawasaki alitoa kanuni yake kwa wanaotafuta mtaji: slaidi 10, dakika 20, herufi zisizopungua pointi 30.

Jeff Bezos yeye alikwenda upande mwingine. Juni 2004 alipiga marufuku PowerPoint katika mikutano ya viongozi wa juu wa Amazon. Badala yake huandikwa waraka wa kurasa chache, na mkutano huanza kwa watu wote kuusoma kimya.

Ukitazama haraka utadhani hawa wanapingana. Mimi naona wanasema jambo moja. Yapo mambo ya kusomwa na yapo ya kusikilizwa. Ya kusomwa yaandikie waraka, yenye hesabu na maelezo yote. Ya kusikilizwa yaseme kwa mdomo, slaidi ikusaidie tu. Matatizo huanza pale karatasi moja inapolazimishwa kufanya kazi zote mbili.

Arusha, 2007

Mfano ninaoupenda ni wa hapa karibu. Juni 2007 mkutano wa TED ulifanyika Arusha, na jukwaani akapanda kijana wa miaka 19 kutoka Kasungu, Malawi, William Kamkwamba. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo, akaona picha ya kinu cha upepo katika kitabu cha maktaba, naye akiwa na miaka 14 akaunda chake kwa vyuma chakavu. Kiingereza chake kilikuwa cha kusitasita. Nyuma yake zilionyeshwa picha za nyumbani kwao na za kinu chenyewe, kilichowasha taa nne na redio mbili. Maneno yalikuwa machache sana, na ukumbi mzima ulimwelewa.

Siku hizi hatuna uhaba wa zana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitupatia Jambo OpenOffice, tukaweza kutengeneza slaidi kwa menyu za Kiswahili. Leo akili unde itakutungia slaidi 20 kabla chai haijapoa, zikiwa na vichwa, nukta na mapambo. Ni yule msaidizi wa miaka ya 1990 amerudi akiwa na nguvu zaidi. Bado hawezi kujua ni jambo gani wenzako wakilikosa kutatokea madhara.

Hilo unalijua wewe. Kabla hujafungua programu yoyote, chukua karatasi uliandike kwa sentensi moja kamili. Sentensi hiyo ndiyo kichwa cha slaidi yako ya kwanza, na kama kuna namba ya kutisha, iweke hapo hapo juu. Maelezo mengine yapeleke kwenye waraka, uwagawie watu wasome.