Njia za Miguu za Mwanza: Kutoka Mzigo Hadi Matembezi

Njia za miguu zinazopita kwenye vilima vya Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria ni kongwe kuliko mji wenyewe. Kabla Wajerumani hawajajenga boma lao, Wasukuma walikuwa na vijia vya kwendea kisimani, malishoni, gulioni na kwa mtemi. Upana wake ulikuwa wa unyayo mmoja, maana wapitaji walifuatana mmoja nyuma ya mwingine. Havikunyooka. Jabali lilizungukwa, mti ulioanguka ulizungukwa, na mti ulipokwisha kuoza kona yake ilibaki palepale, kwani miguu ilikuwa imeizoea.

Katika karne ya 19 vijia hivyo viliunganika na njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Kazeh, yaani Tabora ya leo, ambako tawi moja lilielekea kaskazini hadi ziwani. Wanyama wa mizigo hawakufaa kwa safari hiyo ndefu, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza njiani. Pembe za ndovu, vitambaa, shanga na risasi vilisafiri mabegani na vichwani mwa watu. Mpagazi alichukua frasila mbili hivi, karibu kilo 32, na juu yake mkeka wake, chungu na chakula. Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma ndio waliosifika zaidi kwa kazi hiyo. Kwa Wanyamwezi, kijana aliyekwenda pwani na kurudi ndiye aliyehesabiwa kuwa amekua. Wengi waliondoka baada ya mavuno, kiangazi kikiwa kimekausha mito, na walijitahidi kurudi mvua zisiwakute mbali na mashamba yao.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi akiwa na bendera. Kila mtemi aliyepitiwa alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na mashauriano ya hongo yaliweza kula siku kadhaa. Kwa kawaida watu walianza mwendo alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Maji yalipokuwa mbali, msafara ulitirikeza: ulitoka tena mchana wa jua, ukatembea hadi giza, ukalala porini bila maji, kisha ukayafikia kesho yake asubuhi. Neno hilo leo halisikiki sana, na ni hasara, maana limebeba kiu yote ya njia ile. Haifai pia kusahau kwamba katika njia hizohizo walipita mateka waliokuwa wakipelekwa kuuzwa. Si kila aliyetembea alikuwa amechagua safari.

Tarehe 9 Julai 1858 msafara mdogo uliondoka Kazeh kuelekea kaskazini ukiwa na John Hanning Speke, Mwingereza ambaye mwenzake Richard Burton alibaki nyuma akiwa mgonjwa. Kiongozi na mkalimani wake alikuwa Sidi Mubaraka Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa India utumwani, na kurejea Afrika baada ya kupata uhuru wake. Tarehe 3 Agosti, kutoka juu ya kilima karibu na Mwanza ya leo, Speke aliliona ziwa likitanda mbele yake, akalipa jina la malkia wake. Habari za ziwa hilo alizipata kwa wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh, na njia aliyoipita ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wengine wengi. Alikaa hapo siku chache tu, kisha akageuza. Bombay aliendelea kutembea: alirudi na Speke katika safari ya 1860 hadi 1863, akamtumikia Henry Morton Stanley mwaka 1871, halafu akaivuka Afrika kutoka pwani hadi pwani pamoja na Verney Lovett Cameron. Ramani ya eneo hili ina Ghuba ya Speke. Bombay, aliyetembea kilomita nyingi kuliko karibu wote aliowaongoza, anastahili kutajwa kila historia ya njia hizi inapoandikwa.

Safari inayoonyesha vizuri zaidi uzito wa kazi ile ni ya Stanley ya pili. Msafara wake uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na kufika Kageye, kijiji cha mwambao katika Wilaya ya Magu ya leo, tarehe 27 Februari 1875. Kati ya mizigo yao ilikuwemo mashua nzima, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili ichukulike. Kijia cha unyayo mmoja hakikutengenezwa kwa mzigo wa namna hiyo. Penye vichaka ilibidi njia ipanuliwe kwa shoka ili wabebaji wa vipande vya mashua wapite, nao walilazimika kwenda kwa hatua moja, kwa kuwa akiteleza mmoja mwenzake huumia. Wengi katika msafara huo walikufa au kutoroka kabla ya kuliona ziwa. Mashua iliunganishwa ufukweni Kageye na kuingizwa majini mwezi Machi. Kijiji hicho kikawa kituo cha kubadilisha mwendo: hadi hapo ni miguu, kuanzia hapo ni mtumbwi. Miaka minne baadaye mapadri wa Kikatoliki wa kwanza kwenda Buganda walipanda mitumbwi papo hapo.

Njia ndefu ya wapagazi haikufa kwa amri ya mtu. Ilikosa mizigo. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za Mwanza zikaanza kuvuka ziwa kwa meli na kushuka Mombasa kwa treni. Kisha, mwaka 1928, reli kutoka Tabora ikaingia Mwanza. Safari iliyochukua majuma ya kutembea ikawa ya siku mbili tatu, na kazi iliyokuwa fahari ya vijana wa bara ikatoweka katika kizazi kimoja.

Njia fupi zilibaki, na zikapata chombo kipya. Pamba ilipoenea Usukuma, na hasa vyama vya ushirika vilipokuwa na nguvu baada ya kuundwa kwa Victoria Federation of Cooperative Unions mwaka 1955, mkulima mwenye fedha za mavuno alinunua kwanza baiskeli. Zilianza za Uingereza, Raleigh zikiwa mbele. Baadaye zikaja Phoenix za China, nyeusi, nzito, zenye keria ya chuma kipana nyuma. Keria hiyo ndiyo iliyorithi bega la mpagazi. Gunia la pamba au mkaa, madumu ya maji, tenga la sato au magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba hufungwa hapo kwa vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, vinavyovutwa mpaka vilie. Mwendeshaji akifika penye mwinuko hushuka, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo, akasukuma. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini vijijini baiskeli haijaondoka.

Kutembea kwa ajili ya kutembea tu kulikuja kwa mlango mwingine, mlango wa hifadhi, na kwanza visiwa vilipaswa kuachwa na watu. Kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi mwa ziwa, kilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1965, na wavuvi na wakulima walioishi humo wakahamishwa. Kati ya 1966 na 1969 Shirika la Wanyama la Frankfurt, chini ya Bernhard Grzimek, lilileta sokwe 17 kutoka Ulaya, wengi wakiwa wamekaa kwenye vizimba kwa miaka. Waliachiwa msituni bila mafunzo yoyote, na wakazaana. Twiga, tembo na mbega nao waliletwa. Faru walioletwa hawakudumu. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kwa kuwa haina simba wala chui, mgeni anaweza kuizunguka kwa miguu akiwa na askari wa hifadhi, na njia anazozifuata msituni nyingine hukanyagwa usiku na viboko wanaotoka ziwani kula.

Saanane, mbele ya Capri Point, ina habari inayofanana kwa kipimo kidogo. Jina lake ni la Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi hapo kabla serikali haijahamishia shughuli zake kwingine na kufungua bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza ya serikali nchini. Wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo nao walipumzishwa hapo. Mwaka 1991 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote Tanzania: kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Boti kutoka mjini huchukua dakika chache tu.

Njia za Saanane hupanda kati ya majabali ya matale yaliyopandana, pimbi wakiota jua juu yake na mijusi wenye vichwa vyekundu wakikimbilia nyufani. Hakuna ngazi za kunyoosha safari. Kijia huzunguka jiwe, hupenya kati ya mawili, hurudi nyuma kidogo kabla ya kupanda. Kutoka juu, ng'ambo ya maji, huonekana vilima vya Mwanza vyenye nyumba zilizojengwa hadi kileleni, na kati ya mawe yake vijia vyembamba vya watu wanaopanda na ndoo za maji kichwani.