Subira ya Ukuta wa Chokaa

Waliojenga majumba ya mawe ya Lamu katika karne ya 18 hawakuhitaji kipimajoto kuijua hari. Kuta walizijenga kwa matumbawe na chokaa, unene wake ukikaribia nusu mita. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi vyenye hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole. Jua la kaskazi huupiga ukuta mchana kutwa, lakini joto lake huchelewa kufika ndani. Hufika usiku, wakati upepo wa bahari umekwisha kupoza vyumba. Vichochoro vyembamba navyo huzipa nyumba kivuli.

Baadaye yakaja mabati na saruji. Bati ni jembamba: jua likipanda kidogo tu, nalo limeshawaka. Saruji ikipakwa juu ya chokaa huuziba ukuta usipumue. Unyevu hubaki ndani, na ukuta huanza kulika.

Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji wa kale wa Lamu katika urithi wa dunia. Hata hivyo, urithi huo hutunzwa na fundi ajuaye kuchoma chokaa. Akiondoka bila mwanafunzi, tutarithi kuta nene tusizojua maana yake.