Kuuweka Uzi Mahali Pake: Marimba, Zeze na Gitaa la Besi katika Nyanda za Kati

Busi ni kata ya Wilaya ya Kondoa, kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, katika nchi ya Warangi, ambao majirani zao ni Wasandawe, Waburunge, Wasi na, upande wa kusini, Wagogo. Nyanda hizi za kati, zenye msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na kiangazi kirefu kinachofuata, zimeandikwa zaidi kwa ajili ya njaa zake, kwa mmomonyoko wa ardhi uliozaa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na kwa michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuliko kwa mafundi wake wa vyombo vya muziki. Hata hivyo kazi ya kukiweka chombo sawa, yaani kukipangia nyuzi, urefu na mvutano hadi kiutii mkono na kulipendeza sikio, ilikuwa na wenyewe huku zamani kabla gitaa la besi halijapandishwa garini kufuata barabara ya Dodoma kwenda Kondoa na Babati, na gitaa hilo, pamoja na skurubu zake zote, liliwakuta watu wenye maoni yao kuhusu sauti.

Kwa Wagogo, ambao muziki wao ndio ulioandikwa zaidi katika ukanda huu, vyombo viwili vinatosha kuonyesha jambo hilo. Ilimba, ambayo kwa Kiswahili huitwa marimba, ni sanduku la mbao lenye safu ya vichuma vilivyobanwa juu yake na kupigwa kwa vidole gumba. Zeze ni chombo cha nyuzi na kibuyu kinachopigwa kwa upote. Mpigaji wa ilimba haihitaji karakana: kichuma kikisukumwa ndani ili sehemu inayotikisika ifupike, sauti hupanda, na kikivutwa nje hushuka, kwa hiyo chombo kizima huweza kupangwa upya kulingana na koo la mwimbaji wa siku hiyo. Baadhi ya vichuma havipigwi kabisa. Vimewekwa ili viitikie vyenyewe jirani zao wanapoguswa. Tena juu ya tundu la sanduku hubandikwa utando mwembamba wa kifuko cha mayai ya buibui, ambao hutetema na kuongeza mvumo wa kukwaruza juu ya kila sauti. Mvumo huo si kasoro iliyosahauliwa na fundi; ilimba isiyovuma huhesabiwa kuwa haijakamilika.

Mpangilio wa sauti wenyewe uliwavutia wataalamu mapema. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, na baadaye Gerhard Kubik, mwanamuziki na mtafiti kutoka Austria, alieleza kuwa Wagogo huimba na kupanga vyombo vyao kwa kufuata sauti tanzu, yaani zile sauti za juu zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi wakati uzi unapojigawa wenyewe katika nusu, theluthi, robo na kuendelea. Sauti tanzu ya tano na ya saba, ambazo ni uhai wa uimbaji wa Kigogo, haziangukii mahali zinapoangukia sauti za piano: ikiwa nusu-sauti ya piano itagawanywa katika sehemu mia moja zinazoitwa senti, ya tano iko chini ya jirani yake wa piano kwa senti 14 hivi, na ya saba kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu-sauti nzima. Msikilizaji aliyezoea piano huweza kudhani kwamba mwimbaji amekosea, ingawa mwimbaji ndiye anayeifuata hesabu ya maumbile na piano ndiyo iliyofanya mapatano.

Gitaa la besi lilizaliwa mbali na hesabu hiyo. Mwaka 1951 Leo Fender, katika mji wa Fullerton, California, alianza kuuza besi ya umeme yenye nyuzi nne na freti, yaani vijiti vya chuma vilivyopachikwa shingoni ili kidole kikikandamiza nyuma yake sauti iwe ileile daima. Jina lake, Precision, lilitangaza usahihi huo. Kabla yake kazi ya besi ilifanywa na dabalbesi, chombo kikubwa cha kusimama ambacho vikundi vya taarabu vya Zanzibar vilikichukua pamoja na fidla, na katika kidumbaki, mdogo wake taarabu, na sanduku lenye uzi mmoja na fimbo, ambapo mpigaji huinamisha fimbo ili kuulegeza au kuukaza uzi. Mpiga sanduku, kwa kweli, hukiweka chombo chake sawa upya kwa kila sauti anayoipiga.

Besi ya Fender haikuruhusu uhuru huo, lakini iliuhamishia kwenye bisibisi. Urefu wa uzi unaotikisika, kutoka kizingiti cha juu, ambacho ni kipande kidogo chenye mifereji ya nyuzi, hadi kwenye daraja, ni milimita 864. Freti ya kwanza iko milimita 48.5 kutoka kizingitini, na ya kumi na mbili iko katikati kabisa. Ndani ya shingo hupitishwa nondo ambayo, ikikazwa, hupingana na mvuto wa nyuzi. Fundi huanza kwa kufunga nyuzi za unene utakaotumika na kuzikaza hadi kwenye sauti zake, kwa sababu shingo isiyovutwa haisemi ukweli. Kisha hukandamiza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho na kutazama mwanya unaobaki katikati, ambao hutakiwa kuwa kama theluthi moja ya milimita. Baada ya hapo ndipo hushusha au kupandisha vichuma vya daraja hadi uzi uwe milimita mbili hivi juu ya freti ya kumi na mbili. Uzi ulioinuka mno humchosha mpigaji, na kwa kuwa unapokandamizwa huvutika zaidi, sauti yake hupanda kuliko inavyopaswa. Ndiyo sababu uzi mnene hurudishwa nyuma kidogo kwenye daraja, ukarefushwa kwa milimita chache, hadi sauti ya freti ya kumi na mbili ilingane na ile inayotoka uzi ukiguswa tu, bila kukandamizwa, mahali hapohapo. Vinasa sauti, ambavyo ni sumaku zilizozungushiwa waya, huja mwisho: vikisogezwa karibu mno, sumaku huuvuta uzi na sauti huyumba.

Kazi yote hii inalenga, pamoja na mengine, kuondoa mkwaruzo wa uzi dhidi ya freti, na hapa ndipo desturi mbili zinapogongana. Kile ambacho mpiga ilimba alikitafuta kwenye kifuko cha buibui, fundi wa gitaa hukifukuza kwa spana.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Ubao hunywa unyevu na kuutoa, na gitaa lililowekwa sawa Dar es Salaam wakati wa masika, likifikishwa Dodoma au Busi katikati ya kiangazi, hukauka. Shingo kwa kawaida hunyooka kupita kiasi au hata kupinda kinyume, nyuzi huzikaribia freti, na ncha za freti hutokeza pembeni na kukwaruza kiganja. Mwenye gitaa akidhani nyuzi ndizo mbovu atazibadilisha bure, ilhali dawa ni kuilegeza nondo robo mzunguko na kungoja. Wapigaji wa muheme, ngoma za wanawake wa Kigogo, wanalijua somo hilo kwa upande wa pili, kwani ngozi ya ngoma ikilegezwa na unyevu hupashwa moto kabla ya kupigwa.

Swali la raha ya mkono, hata hivyo, haliwezi kutenganishwa na swali la nani mwenye chombo. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, tangu NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika, majeshi au wenye baa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpiga besi aliyehama bendi aliliacha gitaa nyuma na kulikuta lingine, lililozoea mkono wa mtangulizi wake. Uhaba wa fedha za kigeni wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na 1980 ulizidisha hali hiyo, kwa kuwa seti moja ya nyuzi iliyotoka ng'ambo ilibidi itumike hadi ipoteze mng'ao wake wote. Ile sauti ya besi iliyofifia na ya duara katika rekodi nyingi za enzi hizo pengine inadaiwa na nyuzi kuukuu kama inavyodaiwa na vidole, na wanaoisifu leo kama mtindo wanaisifu pia dhiki. Nyanda za kati zilitoa mwanamuziki wao katika dansi hiyo, Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, ambaye bendi yake ya Afro 70 iliiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977. Vijijini besi ilichelewa zaidi, kwa sababu bila umeme haisikiki hatua tano, na Wakala wa Nishati Vijijini ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 tu.

Mgogoro wa freti na sauti tanzu ulijitokeza waziwazi Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1960 na kufariki Bagamoyo mwaka 2003, aliporekodi pamoja na mpiga gitaa Michael Brook albamu ya Assembly, iliyotoka mwaka 2002. Kati ya vyombo vya umeme, besi ndiyo inayogombana kidogo zaidi na uimbaji huo, kwa kuwa kazi yake kuu ni sauti ya msingi na ya tano yake kwenye ngazi, na hiyo ya tano hutofautiana na hesabu ya maumbile kwa senti mbili tu. Gitaa la solo halina bahati hiyo. Wapiga besi wengi, tena, hulinganisha nyuzi zao kwa sauti tanzu zilezile, wakiugusa uzi mmoja juu ya freti ya tano na unaoufuata juu ya freti ya saba hadi sauti mbili ziwe moja. Sauti tanzu ya saba nayo imo ndani ya kila uzi: iko milimita 123 kutoka kizingitini, kati ya freti ya pili na ya tatu, mahali ambapo hakuna kijiti chochote cha chuma, na kidole kikiugusa uzi hapo pasipo kuukandamiza, besi hutoa sauti ambayo mwimbaji wa Kigogo angeitambua.