Stima Ikipotea, Mgonjwa Anapumua na Nini?

Wasee, hapa Milimani stima ikipotea unasikia jenereta za majirani zikinguruma. Zahanati nyingi za mashinani hazina hiyo raha. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na mapafu hayangoji stima irudi.

Hii shida ina historia. Mwaka wa 1952 polio ililemea Copenhagen, Denmark. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno za kupumulia. Daktari Bjørn Ibsen akashauri mgonjwa atobolewe shingo, mpira uingizwe, halafu mtu aminye mfuko kwa mkono kusukuma hewa mapafuni. Wanafunzi wa udaktari kama 1,500 walipokezana zamu, mchana na usiku, kwa miezi. Vifo vikapungua sana. ICU tunayoijua ilianzia hapo, kwa mikono ya vijana.

Lakini mfuko ule ulitegemea gesi ya mitungi. Miaka michache baadaye madereva wa malori huko wakagoma, oksijeni ikaadimika hospitalini. Holger Hesse na Henning Ruben wakaunda mfuko unaojijaza wenyewe: ukiuminya unampa mgonjwa hewa, ukiuachilia unatanuka na kuvuta hewa ya chumbani. Ukaingia sokoni 1956 kwa jina Ambu. Mkono unachoka, ndiyo, lakini mfuko haudai stima wala lori.

Sasa njoo kwetu. 2020 Corona ilipobisha, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walitengeneza Tiba-Vent. Uganda, Makerere na Kiira Motors wakaja na Bulamu. Nilijivunia, na bado najivunia. Ila sisi mtandaoni tulishangilia skrini na taa, tukasahau kuuliza hewa yenyewe inatoka wapi. Mgonjwa wa nimonia anataka oksijeni, na hospitali nyingi bado zinaingoja kwa lori. Ndiyo maana naheshimu Hewatele, walioweka mtambo wa kuitengeneza Siaya, karibu na wagonjwa wenyewe.

Kwa hivyo uvumbuzi mwingine ukitrendi, kabla ya kubonyeza like uliza maswali matatu. Stima ikienda, inafanya kazi? Mtungi ukiisha, unajazwa wapi? Na ikiharibika, kuna fundi hapa Nax wa kuitengeneza na spea ya kuweka?