Runinga ya Inchi Ngapi? Historia Fupi Kutoka Sebule ya Mama, Kakamega

Nimekuwa kimya kidogo, kazi ya kuandika programu imenibana, lakini leo nina deni la kulipa. Wengi mnaniuliza ninunue runinga gani ya saizi ya kati, na kila mara nimewajibu kwa haraka haraka: chukua inchi 43, hakikisha ni 4K, basi. Jibu hilo lilinitia aibu mbele ya mama yangu mzazi.

Desemba 2022 nilisafiri kwenda nyumbani, upande wa Shinyalu, Kakamega, nikiwa na boksi refu kwenye buti ya basi. Sehemu ya pesa zilikuwa zangu, na sehemu ni za Mama: zamu yake ya chama, ambayo huja mara moja kwa mwaka. Ile runinga yake ya inchi 21, yenye mgongo mrefu (ndugu zetu wa Tanzania huiita chogo), tuliitoa sebuleni tukaiweka stoo. Mpya ikawashwa. Taarifa ya habari ikaanza. Mama akatazama kama dakika kumi bila kusema neno, kisha akauliza taratibu:

"Mwanangu, ile ya zamani ilikuwa inaonyesha watu. Hii inaonyesha matope. Sasa tumelipia nini?"

Nikataka kubisha. Nikaangalia tena. Alikuwa anasema kweli. Nyuso zilikuwa kama zimepakwa mafuta ya kujipaka, herufi zilizopita chini zilikuwa na vijidudu vinavyotambaa pembeni. Ilinichukua siku mbili kuelewa, na ili nieleweke inabidi nirudi nyuma sana, mpaka 1962.

Mwaka huo ndio runinga ilianza Kenya. Mtambo wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na picha zilifika maili 15 hivi tu. Mwaka 1964 serikali ikalichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, yaani Voice of Kenya, na jina la KBC likarudi 1989. Kwa sisi wa magharibi habari kubwa ilikuwa mtambo wa Timboroa, kule juu penye baridi, uliotupa picha wakati Nairobi ilikuwa mbali kama Ulaya. Picha hiyo ilikuwa na chenga nyingi. Ukitaka kuona vizuri, mtoto mmoja anapanda nje kuzungusha eriali, mwingine anasimama mlangoni akipiga kelele: "Rudisha! Rudisha kidogo! Hapo hapo!"

Sasa sikilizeni namba hii kwa sababu itaturudia. Mfumo tulioutumia ulikuwa wa mistari 625, na kati ya hiyo kama 576 ndiyo hubeba picha yenyewe. Iliyobaki ilikuwa muda wa kuupa mwale wa runinga nafasi ya kurudi juu na kuanza upya. Tena mistari hiyo haikuja yote pamoja. Nusu ilikuja kwanza, nusu baadaye, mara 50 kwa sekunde, kwa sababu umeme wa Ulaya na wetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Mistari 576. Ishikeni.

Runinga ya kwanza nyumbani ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, kutoka China. Waliokulia mashambani miaka ya 80 na 90 wanaijua. Uzuri wake ni kwamba ilikubali betri ya gari, volti 12, na sisi hatukuwa na stima. Betri ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa mjini Kakamega kuchajiwa, na ilipaswa kuokolewa kwa ajili ya Vitimbi, kwa hiyo atakayeiwasha bure ana kesi. Kijiji kizima kilikuja. Sisi watoto tulikaa sakafuni karibu kabisa na kioo, na sikumbuki hata mmoja akilalamika kuhusu ubora wa picha. Nilidhani ni ushamba wetu. Kumbe ilikuwa hesabu.

Rangi ilikuja Kenya 1978. (Zanzibar walitutangulia: Televisheni ya Zanzibar ilianza mapema miaka ya 70, tena kwa rangi tangu mwanzo, wakati Tanzania Bara ilikaa bila runinga kabisa mpaka 1994.) Mfumo wa rangi tuliorithi ni PAL, uliobuniwa Ujerumani na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken mwanzoni mwa miaka ya 60. Ni kazi ya ajabu ya uhandisi. Tatizo lilikuwa hivi: watu tayari wana runinga nyeusi na nyeupe, na huwezi kuwaambia wazitupe. Kwa hiyo rangi ilifichwa ndani ya mawimbi yale yale ya mwangaza, ikipanda juu ya masafa ya megahezi 4.43, na runinga ya zamani haikujua hata kama ipo. Halafu Bruch akafanya rangi igeuzwe mstari kwa mstari, ili kosa la mstari mmoja lifutwe na la mstari unaofuata. Ndiyo maana rangi zetu hazikupotea njia kama zilivyokuwa zikipotea kwenye mfumo wa Marekani. Kwa lugha ya sisi waandishi wa programu, huo ni utangamano na matoleo ya zamani, na kama kawaida, utangamano una gharama. Mwangaza na rangi vikikaa kwenye waya mmoja, kuvitenganisha tena hakukamiliki. Kinachovuja ndio wale vijidudu wanaotambaa kwenye kingo za herufi.

Ndio hao nilikuwa nawaona Desemba 2022 kwenye runinga ya 4K!

Nikazunguka nyuma ya runinga. King'amuzi cha Mama kilikuwa kimeunganishwa kwa zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, kama kilivyokuwa kwenye inchi 21. Mimi mwenyewe ndiye niliyezihamisha, kwa mazoea. Waya wa njano ni PAL ile ile ya miaka ya 60, mwangaza na rangi vimefungwa pamoja. Picha inafika kwenye king'amuzi ikiwa ya dijitali, safi, kisha inageuzwa kuwa ya analogi ya zamani, inapita kwenye waya wa nusu mita, halafu runinga inaigeuza tena kuwa ya dijitali. Nikanunua waya wa HDMI mjini. Vijidudu vikaisha siku hiyo hiyo. Kama mna king'amuzi chenye tundu la HDMI na bado mnatumia waya wa njano, acheni kusoma hapa mkaubadilishe kwanza.

Lakini matope hayakuisha yote, na hapa ndipo tunarudi kwenye ile namba.

Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009. Chini ya makubaliano ya Geneva ya 2006, tarehe ya mwisho ilikuwa 17 Juni 2015. Tanzania walikuwa wepesi, wakazima analogi Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Sisi tulivutana mahakamani mpaka mwisho, na Februari 2015 NTV, QTV, KTN na Citizen zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Mama anazikumbuka wiki hizo kama watu wanavyokumbuka njaa. Baadaye kila mtu akanunua king'amuzi, chenga zikaisha, na tukaambiana kwamba picha sasa ni safi.

Safi ndiyo, lakini dijitali haikuongeza mistari yenyewe. Nilipofungua menyu ya king'amuzi cha Mama, chaneli anazozipenda zilisomeka 720 kwa 576. Ile ile 576 ya zamani. Tena sasa chaneli nyingi zinagawana mawimbi ya mtambo mmoja, kila moja ikibanwa ili zote zitoshe. Mtangazaji aliyekaa kimya mezani anabanika vizuri. Uwanja wa mpira wenye nyasi na watu 22 wanaokimbia haubaniki vizuri, ndiyo maana nyasi hugeuka uji wa kijani.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Picha ya 720 kwa 576 ina pikseli 414,720. Kioo cha 4K, 3840 kwa 2160, kina pikseli 8,294,400. Gawanyeni: 20 kamili. Maana yake katika kila pikseli 20 mnazoziona, moja imetoka kwa mtangazaji na 19 zimebahatishwa na kichakato ndani ya runinga. Runinga ya bei kubwa hubahatisha kwa akili. Ya bei yetu hupaka mafuta.

Ile ya chogo haikuwa na shida hii kwa sababu haikuwa na pikseli za kudumu za kujaza. Mwale ulichora mistari 576 kama ilivyokuja, na mng'ao laini wa kioo ukaziba nafasi kati ya mstari na mstari.

Halafu kuna umbali. Jicho zuri la binadamu hutenganisha vitu viwili kama pembe kati yao ni moja ya 60 ya digrii. Kutokana na hilo unaweza kukokotoa umbali ambao ukikaa karibu zaidi unaanza kuona makosa, na ukikaa mbali zaidi hupati faida ya mistari iliyopo. Kwa inchi 14 ya zamani, mita 1.3 hivi: pale pale tulipokaa sakafuni. Kwa inchi 21, mita 1.9. Nikachukua futi ya fundi nikapima kutoka ukutani mpaka kiti cha Mama. Mita 2.1. Kiti hicho hakijahama tangu Kombe la Dunia la 1998, runinga ya chogo ilipofika. Hakuna aliyekokotoa kitu, Mama alikivuta mbele na nyuma mpaka macho yake yakatulia, basi kikabaki hapo.

Kwa inchi 43, picha ya mistari 576 inataka mita 3.2. Nyuma ya kiti cha Mama kuna ukuta.

Kwa hiyo hii ndiyo kanuni ninayoitumia sasa. Kwa chaneli za kawaida za king'amuzi, zidisha inchi kwa sentimita 7.5. Inchi 32 inatoa mita 2.4, inchi 43 mita 3.2. Kama unatazama zaidi filamu na video za intaneti za mistari 1080, zidisha kwa 4, na hapo inchi 43 inakutosha kuanzia mita 1.7. Kwa 4K halisi zidisha kwa 2. Naam, ili jicho lifaidi 4K yote ya inchi 43 unatakiwa kukaa chini ya sentimita 90 kutoka kwenye kioo. Sijaona sebule ya namna hiyo Kakamega.

Kuna jambo moja la kuchekesha kuhusu inchi 32. Nyingi zina pikseli 1366 kwa 768, namba ambayo sisi wa kompyuta tumeitukana miaka mingi kwa sababu hailingani na 720 wala 1080. Lakini gawanyeni 768 kwa 576. Mnapata 4 juu ya 3, bila mabaki. Kwa picha ya kizamani kioo hicho kinachodharauliwa kinatanua kidogo tu na kinabahatisha kidogo.

Mengine nitayapitia haraka. Neno LED kwenye boksi linaeleza taa za nyuma tu, kioo chenyewe ni LCD. Vioo vya LCD ni vya aina mbili kubwa: VA, chenye weusi mzito lakini picha hufifia ukikaa pembeni, na IPS, chenye weusi wa kijivujivu lakini kinaonekana vizuri kutoka kila upande. Boksi halitakuambia ni kipi. Simama pembeni dukani uone. Kwetu viti vimepangwa kuzunguka kuta tatu, kwa hiyo anayekaa pembeni ni mgeni, na mgeni hawezi kupewa picha iliyofifia. Video wanazocheza dukani ni za 4K zilizorekodiwa kwa kazi hiyo, hata kioo kibovu kitapendeza. Nenda na flashi yako yenye kipande cha mpira kilichorekodiwa kutoka chaneli ya kawaida. Ukifika nyumbani punguza ukali wa picha karibu na sifuri, zima ulainishaji wa mwendo, chagua mpangilio wa sinema. Na kwa watu wa Kakamega, mvua ya alasiri ikianza kunguruma chomoa plagi NA waya wa eriali, kwa sababu radi hupita popote.

Inchi 43 ilienda kwa khotsa wangu (mjomba, kwa wasio Waluhya), ambaye ana hoteli ndogo na wateja hukaa mbali na kioo. Alinilipa nusu, nusu nyingine nilijaza mimi, ili zamu ya Mama ya chama isipotee kwa ujuaji wangu. Mama akapata inchi 32 ya pikseli 768, waya wa HDMI, na kiti kikarudi nyuma sentimita 30. Alikubali kukisogeza baada ya wiki mbili hivi.

Tarehe 3 Agosti 2025, Kenya dhidi ya Congo katika CHAN, tulikuwa sote sebuleni. Mama alisoma namba migongoni mwa wachezaji kabla yangu. Tulikuwa tunaongoza 1 kwa 0, kipindi cha pili, wingu likaja kutoka upande wa msituni, na mimi nikainuka kuchomoa plagi.

"Ukigusa hiyo," Mama akasema bila kugeuka, "utarudi Nairobi leo leo."

Stima ikakatika yenyewe. Tukamalizia kwa redio.