Ufyonzwaji kupitia ngozi: kilichopakwa nje kikiingia ndani

Kwenye chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kusini mwa mji wa Gisenyi nchini Rwanda, watu huketi majini wakitumaini kwamba madini yataingia mwilini na kuondoa maumivu. Mjini humo humo, anayejipaka mukorogo, yaani krimu ya kujichubua, huamini kwamba anachopaka kinaishia kwenye ngozi. Imani hizi mbili zinahusu jambo moja, na zote zimelikosea. Chumvi za chemchemi hubaki nje karibu zote, ilhali viambato vya mukorogo hufika kwenye damu. Jambo hilo huitwa ufyonzwaji kupitia ngozi.

Natumia ufyonzwaji, wenye kiambishi cha kutendwa, badala ya ufyonzaji, kwa sababu ngozi haivuti chochote. Kitu chenyewe ndicho huhama kutoka palipo kingi kwenda palipo kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu suala hili, lilitenganisha hatua tatu. Kwa Kiswahili tunaweza kuziita kupenya, yaani kuingia katika tabaka la ngozi. Kuvuka, yaani kutoka tabaka moja hadi jingine. Na kufyonzwa, yaani kuchukuliwa na mishipa ya damu au ya limfu. Kwa hiyo, tukisema ngozi "imekunywa" mafuta, tumeeleza tu kwamba hayaonekani tena juu yake. Hatujui bado yamefika hatua ipi.

Kizuizi kikuu ni tabaka la juu kabisa, ambalo katika sehemu nyingi za mwili halifiki unene wa sehemu tatu za mia za milimita. Seli zake zimekufa na kukauka, nazo zimepangwa kama mawe meusi ya volkano katika kuta za Gisenyi. Badala ya saruji, kati yake mna mafuta. Ndiyo maana chumvi zilizoyeyuka majini hupita kwa shida sana. Nafuu ya Nyamyumba ni ya kweli, lakini huletwa na joto linalolegeza misuli na kupanua mishipa ya damu. Joto na unyevu hulegeza pia kizuizi hicho, hivyo dawa inayopakwa mara tu baada ya kuoga maji moto huingia kwa urahisi zaidi.

Ukubwa wa molekuli nao una neno. Mwaka 2000 Jan Bos na Marcus Meinardi wa Uholanzi walieleza kanuni kwamba molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 ni vigumu kuvuka ngozi nzima. Insulini ina takribani 5,800, ndiyo maana mgonjwa wa kisukari hudungwa sindano. Haidrokwinoni ya mukorogo ina 110 tu. Klobetasoli propioneti, steroidi kali inayopatikana katika krimu nyingi za kujichubua, ina 467. Zote mbili ziko chini ya mpaka huo.

Mahali pa kupaka pia hubadilisha kiasi. Robert Feldmann na Howard Maibach walipima haidrokotisoni, ambayo pia ni steroidi, mwaka 1967, wakaona kwamba ilifyonzwa kwenye paji la uso mara 6 zaidi ya kwenye mkono, na kwenye taya mara 13. Uso, ambao ndio hupakwa mukorogo kwanza, ni miongoni mwa milango iliyo wazi zaidi. Mtoto mchanga yumo hatarini zaidi, kwa kuwa ngozi yake ni pana ikilinganishwa na uzito wake.

Zebaki, kiambato kingine cha baadhi ya mukorogo, hupita kidogo kidogo, hata kwenye vitundu vya vinyweleo, lakini ikipakwa kila siku hujikusanya kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima waliougua figo na kuvimba mwili: zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Walipaka usoni, wakaumwa figo. Rwanda ilikuwa na sababu nzuri ilipoimarisha msako wa bidhaa hizi mwishoni mwa 2018, na Rais Paul Kagame akauunga mkono hadharani.

Msako pekee hautoshi ikiwa kopo la krimu linaendelea kumwambia mnunuzi "kwa matumizi ya nje tu". Maneno hayo yanamwonya asile wala asinywe, lakini wengi huyasoma kama ahadi kwamba dawa haitaingia mwilini. Tangu Bunge la Rwanda lilipopitisha mwaka 2017 sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi, kuna kila sababu ya kuandika onyo linaloeleweka kwa mama wa Gisenyi na kwa jirani yake wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Kwa krimu zenye steroidi, liandikwe hivi: "Ya kupaka. Hufyonzwa kupitia ngozi na kuingia kwenye damu. Usipake zaidi ya ulivyoelekezwa." Mukorogo wenye zebaki hauhitaji onyo, unahitaji kuondolewa dukani.